Maswali ya Mafundi: Uzi Hupimwa Ubavuni

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini uzi uliokatwa kwenye mashine ya kerezo unagoma kuingia kwenye nati yake, au unaingia halafu unacheza. Tunajibu kwa maneno ya gereji. Pichi ni umbali kutoka kilele cha uzi mmoja hadi kilele cha uzi wa jirani. Kilele kiko juu, bonde liko chini, na mteremko wa katikati tunauita ubavu. Pembe tutazitaja kwa digrii, maana ukisema "nyuzi sitini" katika mada hii msomaji hajui unataja pembe au unahesabu uzi wa bolti. Vipimo vyote ni vya milimita, isipokuwa pale tutakapotaja inchi.

Shikamooni wahariri. Nimekata bolti ya M20, yaani ya kipenyo cha 20, pichi 2.5, ya mashine ya kusaga. Nje nimekereza 20 kamili kwa vernia. Kina nimekifuata kwenye jedwali, 1.53, nikahesabu kwenye pete ya namba ya mpini wa kuingizia kisu bila kukosea. Nati ya dukani haiingii hata mzunguko mmoja. Nimekosea wapi?
*Fundi kerezo, Mwanga, Kigoma*

Marahaba, ndugu yetu. Hesabu yako ni sahihi na jedwali lako halidanganyi. Tatizo liko kwenye ncha ya kisu.

Kile kina cha 1.53 kinatokana na kuzidisha pichi kwa 0.6134, na hesabu hiyo imetengenezwa kwa kisu chenye ncha iliyoviringwa. Kwa pichi ya 2.5 mviringo wa ncha unatakiwa uwe na nusu kipenyo cha 0.36. Mafundi wengi hunoa kisu cha digrii 60 hadi kikawa kama sindano, na bila shaka chako kiko hivyo. Sindano ikiingia 1.53, bonde linakuwa jembamba kuliko linavyotakiwa, na ubavu unabaki mnene. Tumepiga hesabu ya bolti yako: kipenyo cha kati, yaani kipenyo cha mahali ambapo unene wa uzi na upana wa nafasi vinalingana, kimebaki karibu 19.1. Kwa M20 kipenyo hicho kwa msingi ni 18.376, na bolti ya kawaida inayoingia nati ya dukani inaruhusiwa kuwa kati ya 18.334 na 18.164. Umezidi kwa zaidi ya robo tatu ya milimita, ndiyo maana nati haitaki hata kuonja.

Usikimbilie kuongeza kina kwa kisu hicho hicho. Ukitaka sindano ikufikishe kwenye kipenyo cha kati kilicho sawa, itabidi uingie 1.89 badala ya 1.53. Nati itaingia, lakini shina la bolti litakuwa limepungua, na chini ya kila bonde kutakuwa na kona kali. Bolti ya mashine ya kusaga inatikiswa kutwa nzima, na ufa huanzia kwenye kona ya namna hiyo. Rudi kwenye kinoo, piga ncha taratibu kwa jiwe la mafuta mpaka ukali wa sindano uishe. Kama mviringo unakusumbua, weka ubapa wa 0.3 kwenye ncha. Hapo kina kinakuwa karibu 1.63.

Umeona kwamba visu vitatu vinatoa vina vitatu tofauti kwa bolti ile ile. Kwa hiyo pete ya namba ikuambie umekaribia tu. Mwamuzi ni ubavu, na ubavu hupimwa kwa vijiti vitatu na maikromita.

Chukua vijiti vitatu vya chuma vilivyonyooka, vyenye unene mmoja. Kipimo bora cha kijiti ni pichi mara 0.577, ambacho kwa 2.5 ni 1.44. Hukipati? Mikia ya keekee tatu za 1.5 inatosha kabisa, mradi uipime kila mmoja kwa maikromita kwanza, kwa kuwa mkia wa keekee ya bei rahisi unaweza kuwa pungufu ya namba iliyoandikwa. Vijiti viwili vilale kwenye mabonde mawili yanayofuatana upande mmoja, cha tatu kilale upande wa pili. Mikono miwili haitoshi, kwa hiyo vibandike kwa grisi nzito, au vifunge kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Halafu pima juu ya vijiti.

Kanuni kwa uzi wa digrii 60 ni hii: kipimo cha juu ya vijiti ni kipenyo cha kati, jumlisha unene wa kijiti mara tatu, toa pichi mara 0.866. Kwa vijiti vya 1.5 kwenye M20, maikromita isome kati ya 20.50 na 20.67. Lenga 20.60. Tuseme umesoma 20.95. Umezidi 0.35, nusu yake, 0.175, ndiyo kina kilichobaki kuingia moja kwa moja. Kata, pima tena, acha kubahatisha kwa nati.

Na nje usikereze 20 kamili. Bolti ya M20 inaruhusiwa kuwa kati ya 19.62 na 19.96. Kereza 19.85. Kisu kinapokata hubinua chuma kidogo kwenye kilele, na huo mbinuko peke yake unatosha kukamata nati.

Nasomea ufundi hapa Tabora. Mwalimu anataka tuweke kampaundi, ile meza ndogo ya juu inayogeuzwa pembe, digrii 29 na nusu, lakini gereji ninayojitolea wanaingiza kisu moja kwa moja kwa meza ya kukatiza iliyo chini yake, na uzi wao unatoka. Wangu unachanika, una magamba kama ya samaki. Nani nimfuate?
*Mwanafunzi, Cheyo, Tabora*

Mfuate mwalimu kwa pichi inayozidi 1.5 au hivi. Kwa pichi ndogo, hasa kwenye shaba, njia ya gereji haina ubaya.

Sababu ni hii. Ukiingiza kisu moja kwa moja, kingo zote mbili zinakata kwa pamoja. Manyoleo ya kushoto na ya kulia yanakutana katikati, yanabanana, na chuma kinang'olewa badala ya kukatwa. Hayo ndiyo magamba yako. Kampaundi ikilazwa digrii 29.5, kingo ya kushoto ndiyo inayokata, manyoleo yanatoka upande mmoja, na ile nusu digrii iliyobaki inaiacha kingo ya kulia iparuze kidogo tu ili ubavu wa pili usibaki na ngazi.

Hapo kuna mtego wa sifuri. Mashine nyingine zinaandika sifuri kampaundi ikiwa imeelekea kwenye kazi, yaani kipande kinachokerezwa, nyingine zinaandika sifuri ikiwa imelala sambamba na kitanda. Digrii 29.5 zinahesabiwa kutoka kwenye mstari unaoelekea kwenye kazi. Kwa uzi wa kawaida wa kulia, mpini wa kampaundi uelekee upande wa telistoki, kile kichwa cha nyuma cha mashine, ili ukizungusha, kisu kiingie ndani na kusogea kushoto kwa pamoja. Ukiigeuzia upande mwingine, kingo ya nyuma ndiyo itakayokata na utarudi kwenye magamba.

Kisu kiwe sawa na urefu wa senta, ile ncha ya telistoki inayoelekea katikati ya kazi, na ukisimamishe kwa geji ya mkia wa samaki, kibati chenye pengo la digrii 60, iliyoegemea kwenye kazi, karatasi nyeupe ikiwa chini yake. Mwanga ukipenya upande mmoja, kisu kimeinama. Uzi ulioinama unaingia nati kwa ugumu upande mmoja na kulegea upande mwingine, na hakuna kipimo cha kina kitakachouponya.

Kasi iwe ndogo. Kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha kutengenezea visu) kwenye chuma laini cha kipenyo cha 20, mizunguko 70 hadi 100 kwa dakika inatosha, na anayejifunza aanze hata na 50. Kwanza gusa tu, pita mara moja uache mkwaruzo, kisha hesabu kwa rula: pichi kumi za 2.5 zikamilike 25. Kosa la gia linagharimu dakika moja ukiligundua hapo. Ukiligundua mwishoni limegharimu kipande kizima.

Baada ya hapo ongeza kwa kampaundi, kubwa mwanzoni na ndogo kadiri unavyozama, kwa sababu kila pito kingo inayokata inazidi kuwa ndefu. Kwa pichi ya 2.5 anza na 0.35, kisha 0.30, 0.25, 0.20, 0.15, 0.15, 0.10. Umefika 1.50 kwenye pete ya kampaundi. Simama, safisha, pima kwa vijiti. Kwa kisu chenye ncha ya mviringo na kazi iliyokerezwa 19.85, mwisho utakuwa karibu na 1.68, na sehemu hiyo ya mwisho iende kwa 0.05, kisha 0.03. Kumbuka kampaundi imelala, kwa hiyo kina cha moja kwa moja kizidishe kwa 1.15 kupata namba ya kwenye pete. Malizia kwa kupita mara mbili bila kuongeza chochote. Utashangaa bado kinatoka kitu, kwa kuwa kazi na kisu vilikuwa vimesukumana.

Swali moja hukuliuliza: unakata chuma gani? Kama ni kipande cha nondo ya ujenzi, magamba yatakuandama hata kisu kikiwa kizuri. Nondo ni ngumu mahali na laini mahali. Eksele chakavu ya gari inakubali uzi safi, lakini kwa kasi ndogo zaidi na kisu kilichonolewa upya. Mafuta usiyaache. Mafuta maalumu ya kukatia yakikosekana, mawese au mafuta ya kupikia yanafanya kazi nzuri kwa kasi hii, maana yanang'ang'ania kwenye ncha ya kisu kuliko oili nyepesi ya mashine. Ukimaliza futa kila mahali, kwa sababu yakikaa yanaganda kama gundi kwenye njia za mashine.

Huku umeme unashuka na kupanda. Mota ikipoteza nguvu katikati ya uzi, pichi inabadilika? Na ukikatika kabisa?
*Ujiji, Kigoma*

Pichi haibadiliki. Chaki, inayoshika na kuzungusha kazi, na lidiskrubu, ile skrubu ndefu inayosukuma meza ya kisu, vimefungwa pamoja kwa gia. Chaki ikienda polepole, kisu nacho kinakwenda polepole kwa kiasi kile kile. Kinachoharibika ni sura ya uzi mahali kasi iliposhuka.

Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, zima swichi kwanza, ili ukirudi usiikute mikono yako kwenye chaki. Kisha usivute kisu kwa nguvu, kwani ncha imebanwa na gamba la manyoleo na itavunjika. Zungusha chaki kwa mkono kurudi nyuma kidogo, gamba liachie, ndipo ukitoe kisu kwa meza ya kukatiza. Hafunati, ile nati iliyopasuliwa inayokumbatia lidiskrubu, iache imefungwa. Maadamu hukuifungua, mashine bado inaukumbuka uzi wako.

Mashine yetu ni ya zamani, lidiskrubu yake ina nyuzi 4 kwa inchi. Kazi zinazokuja zote ni za milimita. Tumejaribu kupanga gia kwa kukadiria. Nati fupi inaingia lakini nati ndefu inakaza katikati. Je, mashine hii itupwe?
*Gereji ya Isevya, Tabora*

Isitupwe hata kidogo. Nati fupi kuingia na ndefu kukaza ni dalili ya pichi iliyokosea kidogo: kosa linajilimbikiza uzi kwa uzi. Mkizidisha kina ili ndefu ipite, mtakuwa mmeficha kosa tu, na mzigo wote utabebwa na nyuzi mbili tatu za mwanzo.

Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, hivyo ndivyo ilivyokubaliwa kimataifa mwaka 1959. Zidisha kwa 5 unapata 127, na 127 haigawanyiki kwa namba yoyote ndogo. Ndiyo maana gia pekee inayovusha kutoka inchi kwenda milimita bila kosa ni ya meno 127. Kwa lidiskrubu ya nyuzi 4, kanuni ni nyepesi mno: gia ya juu, inayoendesha, iwe na meno 20 mara pichi, ya lidiskrubu iwe 127. Pichi 1.5 inataka 30, pichi 2 inataka 40, pichi 2.5 inataka 50. Katikati weka gia yoyote ya kuunganisha, haibadilishi hesabu. Tunachukulia kwamba gia za ndani ya kichwa cha mashine yenu ni moja kwa moja. Mhakikishe kwa kuzungusha chaki mara kumi na kuhesabu.

Gia ya 127 ni kubwa, nyingine haiingii hata ndani ya mfuniko. Kama hamna, tafuteni ya meno 63. Gia ya juu ibaki 20 mara pichi, iendeshe ya meno 80. Kwenye ekseli hiyo hiyo ya 80 wekeni 63, nayo iendeshe ya meno 100 iliyo kwenye lidiskrubu. Kwa pichi ya 2, yaani 40 kwa 80 na 63 kwa 100, mnapata 2.00025. Katika urefu wa milimita 100 mmekosea 0.0125, kiasi ambacho hakuna nati ya gereji itakayokihisi. Kwa skrubu ya kupimia, hapana. Kwa bolti, ndiyo, bila wasiwasi.

Sasa jambo linaloharibu kazi za wengi. Mkikata uzi wa milimita kwenye mashine ya inchi, saa ya nyuzi iliyo ubavuni mwa meza, inayoonyesha wakati wa kufunga hafunati, haina maana tena. Hafunati isifunguliwe tangu pito la kwanza hadi la mwisho. Mwisho wa pito vuteni kisu nje, simamisheni, rudisheni mota nyuma mpaka kisu kipite mwanzo wa kazi kwa milimita 10 hivi, ndipo msonge mbele. Hizo 10 ni za kumaliza plei, yaani ulegevu, ya lidiskrubu. Kama chaki yenu imefungwa kwa uzi kwenye spindeli, mhimili unaoizungusha, msigeuze mota ghafla: chaki inaweza kufunguka na kuanguka na kazi yake. Simamisheni kabisa kwanza.

Nimepima bomba la maji la "nusu inchi", nje ni karibu 21. Nikakereza kiungo cha uzi wa milimita wenye pichi karibu sawa. Kinaingia mizunguko mitatu, kinakaza, na maji yanavuja hata nikifunga tepu ya bomba. Tatizo ni tepu?
*Nzega, Tabora*

Si tepu. Jina la nusu inchi linatokana na tundu la bomba la zamani, wala si na nje yake. Uzi wa bomba la nusu inchi ni 20.955 kwa nje, nyuzi 14 kwa inchi, yaani pichi 1.814, na pembe yake ni digrii 55. Robo tatu ni 26.441, nyuzi 14 vilevile. Inchi moja ni 33.249, nyuzi 11. Pembe hiyo ya 55 imetoka kwa Joseph Whitworth wa Uingereza aliyeipendekeza mwaka 1841, na kwenye mabomba haijaondoka hadi leo. Ukitumia kisu cha 60, mbavu zinagusana kwa mstari mwembamba tu, na maji yanapita. Noa kisu cha 55 na geji yake, kina 1.16. Ukitengeneza upande wa kike, toboa na kukereza tundu hadi 18.63. Uzi wa bomba unaozibana wenyewe huwa na mchongoko wa 1 kwa 16, lakini kiungo kilichonyooka upande wa kike hukubaliana nao.

Tunakamua mawese kwa mashine ya mkono. Skrubu yake ilikatwa kwa uzi wa kawaida wa bolti, kipenyo 36. Kila msimu nati inaisha, na mwaka huu imekula mpaka ikapitiliza. Fundi anataka kukata upya vilevile. Tukubali?
*Kikundi cha wakamuaji, Mwandiga, Kigoma*

Msikubali. Hili swali tumelifurahia kwa sababu jibu lake linaokoa pesa kila msimu.

Uzi wa bolti umeumbwa ufunge na kung'ang'ania. Ubavu wake umelala sana, kwa hiyo skrubu ikisukuma chini, sehemu ya nguvu inakwenda pembeni kuipasua nati, na msuguano unaongezeka kwa kama asilimia 15 kuliko uzi wa ubavu uliosimama wima. Isitoshe, pichi ya bolti ya 36 ni 4 tu. Vijana wanazungusha mara nyingi, sahani inashuka kidogo, na uzi mwembamba unasagika. Kazi ya kusukuma inataka uzi wa trapeza, wenye kilele bapa na pembe ya digrii 30. Uzi wa mraba una msuguano mdogo zaidi kidogo, ila kuukata ni kazi ngumu, na hatuoni faida yake kwa mashine hii.

Mwambieni fundi akate Tr 40, yaani trapeza ya kipenyo cha 40, kwa pichi 7. Hivi ndivyo vipimo vyake. Skrubu: nje 40, kina 4, shina 32, kipenyo cha kati 36.5. Nati: tundu 33, na bonde lake lifike 41, ili kilele cha skrubu kisikwaruze. Ncha ya kisu iwe bapa, upana 2.29. Skrubu iwe ya chuma, nati ya shaba au kasti (chuma cha kusubu), urefu 70 hadi 80. Tunataka nati ndiyo iishe kwanza, kwa kuwa skrubu ni ghali kuitengeneza.

Kwa fundi mwenyewe. Pichi ya 7 inapanda haraka: kwenye shina, mteremko wa uzi ni karibu digrii 4. Kisu kilichonolewa kwa mazoea ya bolti kitasugua upande wa kushoto badala ya kukata, na utasikia mashine inaguna. Upande wa kushoto wa kisu uchongwe digrii 7 kwenda chini. Upande wa kulia unaweza kusimama karibu wima. Usiingize kisu cha trapeza moja kwa moja kwenye chuma kizima. Kwanza pitisha kisu chembamba cha upana wa 2, kama cha kukatia vipande, mpaka kina cha 3.8. Kisha leta kisu cha trapeza kiparuze mbavu tu na kumalizia bonde. Mizunguko 30 hadi 40 kwa dakika, mafuta mengi.

Skrubu ya urefu wa 600 inapinda mbele ya kisu. Ishike kwa senta ya telistoki, na weka stedi, kishikizo kinachoegemeza kazi na kutembea pamoja na meza, nyuma ya kisu. Bila stedi, katikati patakuwa panene kuliko ncha, na nati itakwama pale pale ambapo mkamuaji anahitaji nguvu zaidi.

Vijiti vya kupimia hapa viwe mikia ya keekee za 3.5. Kwa trapeza ya digrii 30 kanuni inabadilika: kipenyo cha kati, jumlisha kijiti mara 4.864, toa pichi mara 1.866. Kwa kipimo cha msingi inatoka 40.46. Skrubu ya kazi hii ipewe nafasi ya kupumua, kwa hiyo acheni maikromita isome 40.16 hadi 40.26. Pima mwanzo, katikati na mwisho. Tofauti isizidi 0.05.

Nati huwasumbua watu kwa sababu mpini wa kisu cha ndani unayumba. Tumia mpini mnene kadiri tundu la 33 linavyoruhusu, angalau 20, na mwishoni pita mara nne au tano bila kuongeza kina. Jaribu kwa skrubu yenyewe kabla ya kuitoa nati kwenye chaki, kwa kuwa ukishaitoa hutairudisha mahali pake.

Kitu cha mwisho kwa wakamuaji: msipake grisi ya gari. Inashuka na kuingia kwenye chakula. Pakeni mawese yenyewe kila siku ya kazi, na kabla ya hapo osheni makapi ya chikichi kwenye nyuzi, maana makapi yakikauka yanasaga kama msasa.

Pedeli ya kushoto ya baiskeli imekula uzi wake. Nataka kukereza ekseli mpya ya pedeli. Uzi wa kushoto unakatwaje?
*Fundi baiskeli, Ng'ambo, Tabora*

Pima kwanza. Pedeli nyingi ni inchi 9/16, yaani 14.29, nyuzi 20 kwa inchi, pembe digrii 60. Baadhi ya baiskeli zina nusu inchi kwa nyuzi 20 hizo hizo. Ya kushoto ni uzi wa kushoto ili mzunguko wa mguu usiifungue.

Geuza mwelekeo wa lidiskrubu kwa mkono wa gia ulio kichwani mwa mashine, chaki iendelee kuzunguka kama kawaida. Sasa meza itatoka kwenye chaki kwenda telistoki, kwa hiyo kisu kinaanzia ndani. Kichimbie mfereji wa kuanzia karibu na bega, upana 3, ushuke hadi kipenyo cha 12.6, chini kidogo ya bonde la uzi ambalo kina chake ni 0.78. Kampaundi ilazwe upande wa pili, mpini uelekee kwenye chaki, na kisu kichongwe zaidi upande wa kulia, kwa kuwa ndio unaotangulia. Kisu kiingizwe kikiwa katikati ya mfereji, kamwe kisiguse bega, na kila pito lianzie pale pale.